WALIOTUUZIA SPOKU MOJA MOJA: Stori ya Maduka ya Baiskeli Kutoka Mashewa Mpaka Tanga Mjini

Leo mastaa wapumzike kidogo. Nani kaachana na nani tutarudi nayo kesho, haikimbii. Leo nataka tuongelee watu ambao hawajawahi kuombwa selfie hata siku moja, ila kama wewe ni mtoto wa Tanga, Tabora, Shinyanga au Zanzibar, basi kuna siku walikuzibia pancha ukaenda zako. Watu wa maduka ya baiskeli.

Humu sitamtaja mtu jina. Kwanza wenyewe majina yao tulikuwa hatuyajui. Alikuwepo Mhindi wa baiskeli, alikuwepo fundi wa mwembeni, alikuwepo baba spea. Basi, imeisha hiyo. Ukiulizwa jina lake la kitambulisho unabaki kutumbua macho, wakati mtu huyohuyo ameishika baiskeli ya babu yako, ya baba yako na yako.

Naanzia Mashewa kwa sababu mjini kila kitu kinajificha kwenye wingi wa maduka. Kwa wasiopajua: ukifika Korogwe unaiacha ile barabara kubwa ya kwenda Arusha, unaingia ndani, unapita Magoma, unaendelea mpaka Mashewa. Ni kata ya wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga, na milima ya Usambara unaiona iko palepale inakutazama. Juu milimani baiskeli ni mzigo, unaisukuma kuliko inavyokubeba. Ila chini kule tambarare baiskeli ni mguu wa tatu. Inabeba mahindi, inabeba madumu ya maji, inabeba mkaa, inabeba mgonjwa, inampeleka mwanafunzi sekondari.

Sasa kuna kitu kilikuwa kinanichanganya. Ukimuuliza mzee wa kule atakwambia biashara ya baiskeli ilikufa enzi za RTC. Ukimuuliza anayemfuatia atakwambia hapana, iliuliwa na mitumba. Dogo wa bodaboda atakwambia imekufa juzi tu, pikipiki zilipojaa. Na nyie wa mjini mnasema itamalizwa na simu, maana siku hizi mtu anaagiza mpaka sufuria akiwa amelala kitandani. Jamani, kitu gani hicho kinakufa mara nne na bado ukipita asubuhi unakikuta kimefungua milango na tyubu zimening'inia?

Nimeifuatilia hii ishu na jibu langu ni hili: duka la baiskeli la kijijini halijawahi kuishi kwa kuuza baiskeli. Fikiria mwenyewe. Mkulima ananunua baiskeli moja, akiitunza anaizeekea. Ila hiyo baiskeli moja inakula tyubu, inakula tairi, inakula spoku, gololi, breki, cheni na grisi mwaka hadi mwaka. Aliyekaa anasubiri mteja wa baiskeli nzima alifunga. Aliyemuuzia mtu spoku mbili na mpira wa valvu ndiye tunayemkuta kwenye kila sura ya hii historia. Twende nayo taratibu.

KIPANDE KIKIISHA

Baiskeli ya aina tunayoijua, yenye magurudumu mawili yanayolingana na cheni inayozungusha la nyuma, ilitoka Uingereza mwaka 1885, kazi ya bwana mmoja John Kemp Starley. Miaka mitatu baadaye, 1888, Dunlop akaja na tairi la upepo. Mwaka 1893 mambo mawili yakatokea Tanga kwa mpigo. Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, na miche ya kwanza ya katani ikafika, ile aliyoiagiza Richard Hindorf. Inasemwa miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo ndiyo yakaota mashamba yote mnayoyaona ukipita na basi kutoka Segera. Kwa hiyo baiskeli ya kisasa na katani ya Tanga wamezaliwa wakipishana miaka minane. Ni kama ndugu, na walikuja kutegemeana kweli.

Ilikuwaje? Mashamba ya katani yalitaka watu wengi, na Mkoloni Mwingereza aliwatafuta mbali: Kigoma, Songea, mpaka Msumbiji na Burundi. Hao ndio manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao kabisa ya kusomba vibarua, ikiitwa SILABU. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza siku 30 kipande kimeisha, unalipwa. Usipoenda kazini siku haihesabiwi, kwa hiyo mwezi wa kipande unaweza kuchukua hata miezi miwili ya kalenda.

Manamba anakusanya vipande. Anataka blanketi, anataka nguo, na kama Mungu akijalia anataka baiskeli. Kurudi kwenu na baiskeli enzi hizo ilikuwa kama leo kurudi kijijini na Crown. Raleigh ndiyo ilikuwa jina kubwa, kampuni ya Nottingham, na matangazo yao ya Afrika yalikuwa na picha ya jamaa anapiga pedeli huku simba anamkimbiza na hamfikii. Mimi nacheka kila nikiiona. Ila uelewe waliyemlenga: mtu anayetembea kilomita nyingi porini peke yake, ambaye simba kwake siyo katuni.

Baiskeli zenyewe ziliuzwa mjini, na wauzaji wengi walikuwa Wahindi. Zilikuja kwenye maboksi zikiwa vipande vipande, na mtu wa kuziunga alikuwa kijana Mswahili wa nyuma ya duka. Huyu kijana ndiye staa wangu katika stori nzima. Mwenye duka anajua bei, kijana anajua baiskeli. Anajua gurudumu lililopinda linanyooshwa kwa kukaza spoku zipi na kulegeza zipi, kitu ambacho mpaka leo ukimtazama fundi anakifanya unaona kama mchezo wa kiini macho. Akikaa miaka kadhaa anaondoka, anarudi kwao na spana zake, anatafuta mti wenye kivuli. Hivyo ndivyo ufundi ulivyotoka mjini ukasambaa kwenye njia za Magoma, Mashewa na kote kule. Hakuna chuo, hakuna cheti.

SAIZI MOJA

Hapa nataka mnivumilie, maana ndiyo kiini cha mambo na watu wengi wanakipita.

Ile baiskeli kubwa nyeusi ya kizee, yenye breki za vyuma na karia nyuma, Raleigh aliitengeneza. Wahindi wa Ludhiana nao wakaitengeneza, Hero wakianza mwaka 1956, na Avon pia. Wachina wa Shanghai wakaitengeneza wakaiita Phoenix. Hata sisi Tanzania baada ya Uhuru tulikuwa na kiwanda chetu Dar, NABICO, kikitoa baiskeli za Swala. Majina tofauti, nembo tofauti, ila umbo ni lilelile, na gurudumu ni lilelile la inchi 28. Tairi la Hero linaingia kwenye Phoenix. Pedeli ya Phoenix inaingia kwenye Raleigh ya marehemu babu. Valvu zote ni ile ya zamani yenye kampira kadogo ndani, kale tulikokuwa tunakavuta kwa meno.

Maana yake kibiashara ni kubwa mno. Mtu wa Mashewa mwenye kamtaji kadogo alihitaji kabati moja tu. Saizi moja ya tyubu. Saizi moja ya tairi. Spoku za urefu uleule. Gololi za kopo moja au mawili. Kwa mtaji wa kuku kumi alikuwa anahudumia baiskeli za tarafa nzima, na kitu alichonunua hakikai rafu mwaka mzima kikisubiri mwenye baiskeli ya ajabu.

Kumbuka na nauli. Mpaka leo, kama tyubu haipatikani Mashewa inabidi uifuate Korogwe, na nauli ya kwenda na kurudi inaimeza bei ya tyubu. Kwa hiyo duka dogo la kijijini lilikuwa linauza pia ile safari ambayo wewe hukuisafiri. Mteja analijua hilo bila kuambiwa, ndiyo maana bei ya kijijini ikizidi kidogo ya mjini hamna anayegombana.

FOLENI YA RTC

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mashamba makubwa ya katani mengi yakachukuliwa na serikali, na biashara ya kuingiza bidhaa kutoka nje ikawekwa chini ya shirika la umma, STC, ambalo baadaye likagawanywa kuwa makampuni ya mikoa, zile RTC ambazo wazazi wenu wakizitaja wanavuta pumzi. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yakataifishwa na Wahindi wengi wakafunga virago. Mhindi wa baiskeli naye, sehemu nyingi, akawa hayupo.

Katikati hapo likatokea jambo zuri la pembeni. Wachina walikuwa wanatujengea reli ya TAZARA, 1970 mpaka 1975, na sehemu ya gharama za humu ndani ililipwa kwa kuleta bidhaa za Kichina zikauzwa kwenye maduka ya serikali. Ndio muda ambao wazee wetu walizoea vitu vyenye maandishi ya Kichina. Mnaolalamika leo kwamba Mchina kaingia kila mahali, alianza kuingia bibi yako akiwa msichana.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, yafunguliwe ya ushirika. Kwenye karatasi lilikuwa wazo la kumwondolea mkulima mnyonyaji. Kwenye maisha, duka la ushirika lilikuwa linaletewa kilichopo, siyo kinachotakiwa, na mtu wa kuagiza gololi za robo inchi hakuwepo. Halafu mambo yakaandamana: bei ya katani ilishaanguka kwa sababu dunia imehamia kwenye kamba za nailoni, mafuta yamepanda, vita ya Kagera 1978, fedha za kigeni hakuna. Katani ambayo mwaka 1964 ilifika kama tani 230,000 kwa mwaka ikawa inashuka tu. Mshahara wa shambani, ule uliokuwa unanunua baiskeli, ukawa hautoshi hata sukari. Na sukari yenyewe haipo!

Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi. Ukikutwa na katoni za tyubu ndani kwako ulikuwa na maelezo ya kutoa. Watu walificha spea kama wanaficha bangi.

Kama kuna wakati duka la baiskeli lilipaswa kufa moja kwa moja, ni huu. Na duka kweli lilifungwa. Ila fundi wa mwembeni hakufungwa, kwa sababu yeye hakuwa na duka la kufunga. Tairi likichanika analishona kwa uzi na kuliwekea kipande cha tairi jingine kwa ndani. Tyubu ikichoka kabisa inakatwakatwa, vipande vinakuwa viraka vya tyubu nyingine, vinavyobaki vinakuwa mipira ya kufungia mzigo kwenye karia. Baiskeli tatu mbovu zinatoa moja nzima. Watu wanalipa kwa mahindi, kwa kuku, kwa siku ya kulima. Wasomi siku hizi wanaita uchumi wa kurejeleza vitu, wanafanyia semina hotelini wanakula na chakula cha mchana. Yule mzee alikuwa anaufanya amekaa kwenye kigoda.

RUKSA

Mwaka 1984 serikali ikaanza kuwaruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na mwishoni mwa 1985 akaja Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Spea zikarudi. Kariakoo ikawaka. Hero, Avon na Phoenix zikajaa, na safari hii mwenye duka alikuwa yeyote: Mpare, Msambaa, Mchaga, Mpemba, mwalimu mstaafu.

Hii ni sehemu ambayo wengi wenu mnaikumbuka hata kama hamjui kwamba mnaikumbuka, kwa sababu ndiyo iliyozaa baiskeli za kukodi. Mwenye duka anachukua baiskeli tatu nne, nyingine zimechoka kabisa, anaziweka nje. Madogo wanakuja na hela ya chumvi waliyotumwa dukani, wanakodi mzunguko. Sisi wa kizazi cha 2000 tulizikuta bado, na nusu ya mtaa tulijifunzia hapo, tukipita mguu chini ya fremu maana kiti hatukifikii. Jioni baba spea anazirudisha ndani, anahesabu sarafu. Baiskeli ambayo isingenunulika hata kwa bei ya bure inamlipa kila siku, na madogo walewale ndio wateja wake wa kesho. Mtu aliyegundua hii kitu angekuwa Marekani angekuwa na kampuni kwenye soko la hisa.

Tanga mjini ndiyo kabisa. Mji tambarare, bahari pembeni, mpaka mama wa baibui anapiga pedeli anakwenda sokoni wala hamna anayegeuka. Kwenye mikoa mingine ukimwona mama juu ya baiskeli watu wanaita wenzao. Huko Shinyanga na Kahama baiskeli ikaanza kubeba abiria kwa pesa, wakaiita daladala. Fundi alikuwa analala saa tano usiku.

KISHA IKAJA PIKIPIKI

Hili neno bodaboda ni la baiskeli, msisahau. Lilizaliwa mpakani kwa Kenya na Uganda, Busia na jirani zake, vijana wakibeba watu kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine, tangu miaka ya 1960. Pikipiki imelirithi tu, tena bila kuaga.

Kwetu pikipiki za Kichina na za Kihindi zilipoanza kuja kwa bei ambayo kijana anaweza kuifikia, na mwaka 2010 zikatoka kanuni rasmi za pikipiki na bajaji kubeba abiria, hali ikabadilika haraka sana. Kijana ambaye zamani angeota Phoenix sasa anaota Boxer. Anaipata kwa mkataba: analeta hesabu kila siku kwa tajiri, mwisho inakuwa yake. Baiskeli haikuwa na mkataba wa hivyo. Na pikipiki inapanda mlima! Kwa mtu wa Korogwe ambaye shamba liko bondeni na nyumba iko juu, hapo mjadala umeisha.

Wenye maduka ya baiskeli walifanyaje? Waliobaki kwa ubishi walifunga. Wengi waliopona walifanya kitu ambacho kwa nje kinaonekana usaliti: walitoa nusu ya kabati, wakaweka plagi, oili, taa, tyubu na cheni za pikipiki. Angalia walichokifuata. Pikipiki hizi nazo zinafanana sana, aina chache zimejaa kila mahali, spea ya moja inauzika kila kijiji. Yaani ni ileile hesabu ya saizi moja, imevaa injini. Kwa mimi hawa hawakuacha biashara yao. Biashara yao tangu mwanzo ilikuwa kuhakikisha chombo cha mtu hakilali.

Nusu iliyobaki ya kabati ndiyo inayonipa mawazo.

BALAA LA MTUMBA NA YA SIMU

Baiskeli bado zipo nyingi kuliko mnavyodhani, ila siyo zile. Siku hizi zinakuja za mtumba kwenye makontena, kutoka Japani na Ulaya, zimefika Dar na Zanzibar zikasambaa. Nzuri, nyepesi, zina gia, zina rangi. Dogo akiiona ya gia haitaki tena ile nyeusi ya babu, na mimi simlaumu.

Ila mfungulie fundi wa Mashewa hiyo baiskeli uone anavyokuna kichwa. Moja ina gurudumu la inchi 26, nyingine 24, nyingine 20, nyingine la Kizungu lenye vipimo vya milimita. Hata zile za 26 hazifanani, tairi nene la mlimani na tairi jembamba la Kijapani yote yameandikwa 26 na hayaingiliani. Valvu ni ile ya pikipiki au nyembamba ambayo pampu yake haipo. Gia za nyuma hii tano, hii sita, hii saba, na cheni inategemea. Breki kila moja na viatu vyake. Kabati moja halitoshi tena. Anahitaji duka la aina kumi ili apate mauzo ya aina moja, na mtaji wake bado ni wa kuku kumi, tena kuku wenyewe wa kisasa.

Hapo ndipo ninapoona hatari kuliko kwenye bodaboda. Pikipiki ilichukua wateja. Mtumba umeharibu hesabu ya duka. Ukienda mara mbili ukakosa tyubu, mara ya tatu huendi, baiskeli inaegeshwa ukutani, kuku wanaanza kulalia. Nimeziona nyumba ngapi zina mountain baiki ya gia 18 imekufa kwa sababu ya tyubu moja? Nyingi mno. Na mwanafunzi aliyekuwa akiiendea shule amerudi kwa miguu, na kwa huko kwetu sekondari haiko nyuma ya nyumba.

Halafu simu. Kuna wanaosema mteja ataagiza mtandaoni, duka kwisha. Wacha niwapeleke Uingereza kidogo, kulikoanzia Raleigh, maana wao wametangulia. Kiwanda cha Raleigh pale Nottingham kilifungwa mwaka 2002, utengenezaji ukahamia Asia. Evans, maduka makubwa ya baiskeli ya siku nyingi, yaliishiwa mwaka 2018 yakanunuliwa na tajiri wa maduka ya michezo. Wengi wakasema unaona, mtandao umeua. Ila mwaka 2023 ikaanguka na Wiggle, ambayo ndiyo ilikuwa jitu lenyewe la kuuza baiskeli mtandaoni kule. Wakati wa korona 2020 kila mtu alinunua baiskeli, wauzaji wakajaza maghala wakidhani itakuwa hivyo milele. Watu wakishanunua wameshanunua. Baiskeli zikabaki ghalani, hela imelala humo. Sasa niambie tofauti yake na yule aliyekaa Korogwe anasubiri mteja wa baiskeli nzima.

Na kitu hawakisemi: baiskeli ya kuagizwa inakuja kwenye boksi. Mkono wa usukani umegeuzwa, pedeli ziko pembeni kwenye mfuko, breki hazijakazwa. Kule Ulaya maduka ya mtaani yanatoza pesa nzuri kuiunga tu. Ni ileile kazi ya kijana wa nyuma ya duka.

Kuna mfano wa karibu zaidi ninaoupenda. Kisumu kuna baiskeli zinaitwa Buffalo, za shirika la World Bicycle Relief lililoanza 2005. Chuma kizito, umbo moja, karia ya kubeba mzigo wa maana. Wanaziuza pamoja na spea zake, na wanafundisha mafundi huko vijijini. Wamefanya makusudi kile ambacho Raleigh na Phoenix walikifanya bila mpango, wamerudisha saizi moja. Na aliyekuwa na akili ya kufundisha fundi kabla ya kumwaga baiskeli, huyo anajua mzigo uko wapi.

Mtu wa Mashewa hawezi kuzuia makontena. Ila simu hiyohiyo mnayosema itamuua naona wajanja wameanza kuigeuza. Anapiga picha tairi lililokwisha, namba zake za pembeni zionekane, anamtumia wa jumla Tanga au Kariakoo kwenye WhatsApp, pesa inakwenda kwa simu, mzigo unapanda basi. Hakuna haja ya kuweka aina kumi kabatini kama anaweza kuipata moja kwa siku mbili tatu bila yeye wala mteja kulipa nauli ya mtu. Anachukua hela kidogo ya mbele, basi. Wengine wanaanza kukataa baiskeli: mtu akitaka kununua mtumba anamwambia chukua ile ya 26 nene, spea zake ninazo, hiyo nyingine nzuri lakini utanisumbua. Ushauri huo ni wa bure na ndio unaompa mteja wa miaka kumi.

Ila pia tuache unafiki, sisi wateja. Fundi ananyoosha gurudumu nusu saa, jasho linamtoka, halafu tunampa hela ya soda na kumwambia "utanitafuta mzee wangu". Daftari lake la madeni limejaa majina yetu. Tyubu tunailipia kwa sababu tunaiona, ufundi hatuulipii kwa sababu haushikiki. Matokeo yake mnayaona: kijana mwenye mikono hataki kukaa na mzee kujifunza spoku, anakwenda kwenye pikipiki ambako hata kubadilisha oili kuna pesa. Mzee wa mwembeni macho yanaanza kugoma na hana wa kumwachia spana. Duka linaweza kufunguliwa tena hata kesho kwa mkopo. Yule mtu anatengenezwa kwa miaka, na siku hizi hamna Mhindi wa mjini wa kumtengeneza.

Kwa hiyo wenye maduka ya spea za pikipiki mnaonisoma, wa Korogwe, Muheza, Handeni, kokote: mna madogo hapo nje wanaoshinda wanasubiri kazi. Muwekeni mzee mmoja wa baiskeli kibarazani, mpeni kivuli na pampu, dogo mmoja akae naye. Chumba mnacho, wateja wa pikipiki wanakuja hata hivyo, na kila mmoja wao ana mdogo wake nyumbani mwenye baiskeli iliyolala.

Na nyie wengine, hebu shukeni hapo chini mniambie: nyumbani kwenu ilikuwepo ipi, Phoenix, Swala, Hero au Raleigh? Ilikuwa inatengenezwa na nani, na huyo mtu leo yuko wapi? Kama jina lake mnalijua, mnanizidi.